Jinsi ya Kudai Hasara ya Nyumba ya Kupangisha Marekani Mkiwa Mke na Mume

Mwaka umeisha, nyumba mnayopangisha imekula zaidi ya ilivyoingiza. Msikimbilie kuikata hasara yote kwenye mishahara yenu. Sheria ya kodi ya 1986 iliiwekea mipaka.

Anzeni na Schedule E, fomu ya kodi ya kuorodhesha mapato na gharama za pango. Andikeni pango lote mlilopokea, halafu mtoe riba ya mkopo (siyo deni lenyewe mnalolipa), kodi ya jengo, bima, matengenezo na uchakavu (sehemu ya gharama ya jengo inayokatwa kila mwaka). Hapo kwenye uchakavu tulieni, maana ndipo watu wengi hupoteza haki yao. Nyumba mliyonunua kwa dola 275,000, kiwanja kikiwa na thamani ya 55,000, jengo linabaki 220,000. Gawanyeni kwa miaka 27.5 iliyowekwa na sheria kwa nyumba za makazi, mnapata dola 8,000 za kudai kila mwaka mzima. Msipozidai, siku ya kuuza IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) itazihesabu vilevile kana kwamba mlizidai.

Kisha hakikisheni mnashiriki katika uendeshaji. Mmoja wenu akiwa ndiye anayekubali wapangaji, kupanga bei na kuidhinisha matengenezo, inatosha, hata kama yupo wakala. Umiliki wenu usipungue asilimia 10.

Sasa pigeni hesabu ya kipato chenu wote wawili kabla ya kutoa hasara hiyo. Kisipozidi dola 100,000, mnaruhusiwa kukata hasara hadi dola 25,000. Kikizidi, kila dola ya ziada inapunguza senti 50 za ruhusa hiyo, na kikifika 150,000 ruhusa imekwisha. Tuseme kipato ni 138,000 na hasara ni 9,000. Ziada ni 38,000, nusu yake 19,000, kwa hiyo ruhusa yenu ni 6,000. Zile 3,000 hazipotei: jazeni Fomu 8582, ya kuhesabu hasara zilizowekewa mipaka, zinahamia mwaka unaofuata, na mwaka mwingine tena ikibidi.

Wapo wanaoshauriwa kila mmoja awasilishe ritani (taarifa ya kodi) yake ili kipato kionekane kidogo. Kama mliishi pamoja hata kwa sehemu ya mwaka, ruhusa hiyo inakuwa sifuri.

Ambatanisheni fomu hizo na Fomu 1040, ritani yenu kuu, kabla ya Aprili 15, na nakala ya 8582 itunzeni kila mwaka. Mkija kuiuza nyumba yote kwa mtu asiye ndugu, hasara iliyolimbikizwa humo mtaruhusiwa kuikata.