Nyumba ndogo ya kontena bila kufilisika: penseli kwanza, grinda baadaye

Watu wengi wakiwaza kontena wanaona nyumba imeshaisha, si ukuta upo, paa lipo, mlango upo, kilichobaki kuingiza godoro. Aisee hapana. Ulichonunua ni sanduku la kubebea mizigo baharini, na mzigo hausikii joto wala haupumui. Hela inaanza kuliwa kontena likishafika, na anayekula zaidi ni grinda, maana kila tundu unalokata unalilipia mara tatu: kulikata, kuchomelea fremu, afu kuziba maji yasipite. Ukikata kidogo umeokoa hela nyingi, ndo siri yenyewe hiyo.

Kwa hiyo kaa chini uchore, na chora kwa vipimo vya NDANI. Kontena la futi 20 ndani lina urefu wa kama mita 5.9 na upana mita 2.35, yaani mita za mraba kama 14 hivi. Futi 40 ni kama mita 12 kwa upana ule ule, kama 28. Sasa weka fremu, kizuia joto na bodi, tuseme sentimita 6 kila upande, umebaki na mita 2.23. Kitanda cha mita moja na nusu ukikiweka katikati kila upande inabaki kama sentimita 36, unapita kwa ubavu kama kaa. Kisukume kwenye ukuta au kilaze kwa kukingama kule mwisho. Mi nashauri chukua chaki uchore nyumba nzima chini kwa ukubwa wake halisi, utembee humo, ufungue milango ya kufikirika, ujifanye unapika mwenzio anapita nyuma yako, makosa yatajitokeza yenyewe.

Kimo nacho, la kawaida ndani ni kama mita 2.39, ukishusha dari unaanza kuinamia taa. Tafuta lile refu, wanaliita hai kyubu, linaongeza sentimita 30 na kwa nyumba ya kuishi mi sioni sababu ya kuchukua jingine.

Jiko na bafu zipakane ukuta mmoja ili mabomba yawe mafupi. Na ile milango mikubwa ya mwisho usiichomelee ikafungwa moja kwa moja, huo ni uwazi wa bure kabisa, weka fremu ya kioo kwa ndani yake, ukisafiri unafunga vyuma juu ya kioo unaondoka na amani.

Kununua sasa. Kabla hata hujatoa hela uliza mamlaka ya ujenzi ya eneo lako kama wanaruhusu na wanataka michoro gani, wengine wanagundua hili kontena likiwa juu ya trela. Ukienda kulikagua ingia ndani mtu akufungie (awe mtu asiyekudai), ukiona vitobo vya mwanga hapo maji yanapita. Toka uiname uangalie boriti za chini na nguzo za pembe, kutu ya juu juu ya ukutani inasuguliwa lakini boriti iliyolika achana nayo. Soma na kile kibao cha chuma mlangoni, kina mwaka wa kutengenezwa na mara nyingi kinataja dawa ya wadudu iliyotiwa kwenye mbao. Sakafu ni plaiwudi nene ya kama milimita 28 na dawa zake si za kulalia, ing'oe, au izibe na epoksi (rangi nzito inayokauka ngumu) afu weka sakafu nyingine juu.

Na hapa niseme ukweli kidogo, kununua kontena jipya lililosafiri mara moja tu afu ukajisifu umetunza mazingira ni kujidanganya, la futi 40 lina uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu, sehemu kubwa ni chuma ambacho kilikuwa bado kina miaka mingi ya kazi. La zamani lenye mifupa mizima ndo lenye maana, hata kama sakafu itakusumbua.

Msingi usikutishe. Uzito wote unashukia pembe nne, so nguzo za zege chini ya pembe, na za katikati kama ni futi 40, zinatosha mara nyingi, ila udongo laini muonyeshe injinia. Ziwe levo kabisa, kontena likipinda kidogo milango inagoma. Liinuke hewa ipite chini. Wazo la kulifukia ardhini lisahau, ule ukuta haukutengenezwa kusukumwa na udongo.

Yale mawimbi ya ukutani sio urembo, ndo yanafanya bati la milimita mbili lisimame. Ukikata dirisha chomelea fremu ya skwea paipu kuzunguka tundu, na nguzo za pembe na boriti za juu usiguse. Kutoa ubavu mzima ili uunganishe makontena mawili ni kazi ya injinia, sio ya fundi anayesema tutaona mbele ya safari.

Halafu joto. Laza mbavu ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lipige ncha fupi. Weka paa la pili la bati likiwa limeinuka, hewa ipite katikati, na hapo hapo unafunga sola na gata, milimita 10 tu za mvua kwenye paa la futi 40 ni karibu lita 300. Ndani, adui ni jasho: mvuke wa kupika na kuoga ukigusa chuma baridi unageuka maji nyuma ya bodi, kutu inaanza na huioni. Kwa kizuia joto chukua povu la kupulizia, linaganda kwenye chuma bila kuacha nafasi ya hewa, sio rafiki sana wa mazingira lakini hapa mi nalisamehe. Madirisha yatazamane, na kitundu cha juu bafuni usikisahau.

Umeme usibane matumizi. Unalala ndani ya chuma, waya mmoja uliochubuka unaweza kutia umeme nyumba nzima mpaka kitasa, kwa hiyo chuma chenyewe cha kontena kifungwe ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), iwepo brekera inayokata umeme ukivuja, na fundi apime vyote viwili mbele yako kabla bodi za ukuta hazijafungwa.