Karamu ya Kihaya kwa wageni wanane

Wengi wanaoandaa chakula cha Bukoba huharibu tangu orodha ya sokoni: wanaongeza wali, chapati na pilau "mgeni asije akalala njaa". Kwa Wahaya ndizi ndiyo chakula, vingine vinaisindikiza. Pika sufuria moja kubwa, uipike vizuri.

Manunuzi

Ndizi Bukoba mbichi 32, maharage kilo ¾, vitunguu 4, nyanya 5, mafuta ya kupikia, chumvi, senene (aina ya panzi wanaoliwa) nusu kilo, kahawa ya kutafuna (akamwani) na majani ya mgomba matano makubwa. Mzuzu hauwezi kushika nafasi ya ndizi hizi. Ndizi iliyoanza umanjano, hata kama ni kwenye ncha tu, iache: wanga umeshaanza kugeuka sukari, nayo itakuwa tamu na kupondeka sufuriani.

1. Maharage

Yaloweke usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kama mtakula saa 1:30 usiku, yabandike saa 9:30 alasiri, bila nyanya. Ukali wa nyanya huyafanya yagome kuiva, na hapo ndipo wengi wanapokesha jikoni. Yakilainika kabisa, ndipo utie nyanya, vitunguu, mafuta na chumvi. Supu usiimwage, utaihitaji.

2. Kumenya

Saa 11 jioni jipake mafuta mikononi na kwenye kisu, maana utomvu hunata na doa lake kwenye nguo halitoki. Kila ndizi ukiimenya idumbukize papo hapo kwenye maji. Ikikaa hewani inakuwa nyeusi. Ziache nzima.

3. Sufuria

Saa 12:15 panga ndizi juu ya maharage, supu ifike nusu ya kimo chake. Pitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea (jani bichi hupasuka), funika nalo ndizi, kisha weka mfuniko. Moto wa wastani, dakika 40 hivi. Usikoroge! Mwiko unazivunja na chakula kinakuwa uji mzito. Shika masikio ya sufuria uitikise mara mbili au tatu. Kijiti kikipenya bila kukwama, epua na uache ijipikie kwa mvuke dakika 15.

4. Senene

Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba. Nje ya hapo nunua waliokaushwa, uwapashe moto dakika chache tu. Walio wabichi watoe mabawa, miguu na papasi (antena), waoshe, kisha uwakaange bila mafuta kwa moto mdogo. Mafuta yao yatatoka yenyewe. Moto mkali huwaunguza nje huku ndani wakiwa na majimaji. Chumvi na kitunguu huja mwishoni. Waulize wageni mapema: anayedhurika na kamba anaweza kudhurika na senene pia.

5. Kupokea na kupakua

Mgeni akifika, mpelekee akamwani kwenye kikapu kidogo. Ni buni zilizochemshwa kwa majani yenye harufu nzuri na kukaushwa. Huchukua chache, akazitafuna taratibu. Ukipata rubisi (pombe ya ndizi), usiifunge chupani kwa kukaza kizibo, kwa kuwa bado inachachuka na chupa inaweza kupasuka. Juisi ya ndizi inatosha kabisa.

Tandika mikeka, kwa wazee weka vigoda. Pitisha birika na beseni la kunawia, ukianza na wakubwa. Majani yaliyobaki yababue, yafute, uondoe uti wa kati, kisha pakua ndizi na maharage katikati ili watu wanne wale jani moja kwa mkono. Senene wakae pembeni, wasilowe supu.

Pakua watu wakishaketi, si kabla. Ndizi ikipoa hukakamaa, na ya kiporo hurudi laini tu ukiitia kikombe cha maji na kuipasha taratibu ikiwa imefunikwa.