DVD ya Windows imeharibika: pata nyingine kihalali

DVD ya kupigia (kusakinisha) Windows ikipasuka au ikichubuka, haki yako ya kutumia Windows iko palepale. Ulichonunua ni leseni, na leseni inafuata ufunguo wa herufi na tarakimu 25, siyo kile kisahani cha plastiki. Mafaili yenyewe Microsoft wanayatoa bure kwenye tovuti yao. Hakuna haja ya kuazima flashi ambayo hujui aliyeitengeneza ameingiza nini ndani yake.

Anza na ufunguo, kabla hujafuta chochote. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye huwa na ufunguo ndani ya bodi kuu, na Windows ikipigwa upya huusoma yenyewe. Ukitaka kuuona, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Jibu likirudi tupu, tazama stika chini ya mashine, ubavuni mwa kasha au ndani ya nafasi ya betri. Kompyuta za mtumba nyingi stika zake zimesuguka, kwa hiyo ipige picha ingali inasomeka. Ufunguo wa Windows 7 usiutegemee kuwasha (activate, yaani kuthibitisha leseni ya) Windows 10 au 11: njia hiyo Microsoft waliifunga mwaka 2023, na aliye nao anunue leseni mpya.

Kama kompyuta ilikuwa na Windows 10 au 11 iliyokwisha kuwashwa kihalali, huenda usiulizwe ufunguo kabisa. Leseni yake ya kidijitali imefungwa kwenye vifaa vya mashine hiyo. Piga toleo lilelile, unganisha intaneti, itajiwasha. Andika mahali kama ilikuwa Home au Pro. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mtu ana leseni ya Home, anapiga Pro, kisha anadhani leseni imekufa.

Sasa tengeneza flashi. Iwe ya GB 8 au zaidi, na uhamishe vilivyomo kwa sababu vyote vitafutwa. Kwenye kompyuta yoyote yenye Windows, ingia tovuti ya Microsoft, pakua Media Creation Tool, programu ya kutengenezea flashi hiyo, iendeshe na uchague flashi yako. Andaa bando la kutosha, maana mafaili ya Windows 11 yanazidi GB 5. Kwa sababu hiyohiyo DVD ya kawaida ya GB 4.7 haitoshi, ukitaka kuchoma diski, nunua ya tabaka mbili, GB 8.5.

Mwenye Linux apakue faili la ISO, yaani diski nzima ya Windows ndani ya faili moja. Kulimwaga kwenye flashi kwa amri ya dd, kama tunavyofanya na Ubuntu, hakufanyi kazi, kwa kuwa ISO ya Windows haikuundwa hivyo. Kunakili mafaili kwa mkono kwenye flashi ya FAT32 (mfumo wa mafaili wa flashi nyingi) nako hugoma: FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi, na install.wim, faili kubwa lililobeba Windows yenyewe, mara nyingi linavuka hapo. Weka Ventoy, programu inayowezesha flashi kuwashia ISO, kwenye flashi, kisha nakili ISO nzima kama ilivyo. Kabla ya hapo hakikisha upakuaji haukuharibika: andika sha256sum na jina la faili, ulinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa wa Microsoft. Tarakimu moja ikitofautiana, pakua upya.

Dell, HP na Lenovo nao wana programu zao za kutengeneza flashi ya kurejesha mfumo. Utaulizwa namba ya mashine iliyo kwenye stika. Mimi ningeanza na hii kwa kompyuta mpakato, maana inakuja na draiva za Wi-Fi na sauti.

Chomeka flashi, washa mashine huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP au Esc kwa Asus, uchague flashi. Ukiulizwa ufunguo na huna wa kuandika, bofya “I don't have a product key”, uchague toleo lako. Kwenye orodha ya diski soma ukubwa wa kila moja kabla ya kufuta. Flashi na diski ya nje huonekana hapohapo.

Ukimaliza, fungua Command Prompt uandike slmgr /xpr. Leseni ya kawaida ya nyumbani huonyesha kuwa imewashwa kwa kudumu (permanently activated). Ukiona tarehe ya kuisha, na kompyuta si ya ofisi, mara nyingi mashine huwa imewashwa kwa KMS, njia ya taasisi inayodumu siku 180 kila mara. Aliyekuwekea hakukupa leseni. Mdai fedha yako.