Namna ya Kuitambua Sanamu ya Kirumi Iliyochongwa kwa Mtindo wa Kigiriki

Sanamu hizi sisi wa Dodoma tunaziona pichani tu, kwa hiyo kabla ya kuanza tafuta picha zinazoionyesha sanamu moja kutoka pande zote, na usikose ile ya mgongoni.

Tazama miguu kwanza. Ukikuta kisiki cha mti kimeshikamana na mguu, au kijiti cha jiwe kikiunganisha mkono na nyonga, ipo dalili kubwa kwamba mchongaji wa Kirumi alikuwa akinakili kazi ya Kigiriki ya shaba. Sanamu ya shaba ilikuwa na uwazi ndani, ikaweza kusimama juu ya vifundo vyembamba na kunyoosha mikono. Marumaru ni nzito na hukatika upesi mahali palipo pembamba, hivyo kisiki kiliibeba kama nguzo inavyoubeba mzabibu katika mashamba ya Hombolo. Mbeba Mkuki, aliyetengenezwa kwa shaba na mchongaji wa Kigiriki Polykleitos mnamo mwaka 440 KK, hayupo tena. Tunamjua kwa marumaru, hasa ile iliyofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Naples, Italia, ambayo kisiki chake kiko nyuma ya mguu wa kulia.

Kisha linganisha nakala mbili za sanamu hiyo hiyo. Zikikaribiana sana kwa vipimo, kumbuka vipande vya plasta vilivyopatikana Baiae, karibu na Naples, mwaka 1954: vilitokana na kalibu zilizochukuliwa juu ya sanamu za Kigiriki, ili wachongaji wavinakili vipimo vyake.

Hatua inayohitaji subira zaidi, nami naipenda kuliko zote, ni kutenganisha nakala na uigaji wa mtindo. Mikunjo ya nguo iliyopangwa kwa zigizaga, kama ya karne ya 6 KK, ikifunika mwili ulioumbwa kwa ulaini wa nyakati za baadaye, huonyesha kwamba mchongaji aliyachagua ya kale kwa makusudi. Katika karne ya 1 KK mchongaji Stephanos alichonga kijana mwenye utulivu wa sanamu za mnamo mwaka 460 KK, lakini kichwa chake ni kidogo na mwili wake mwembamba kuliko walivyozoea Wagiriki wa wakati ule. Wala hakujificha: juu ya kisiki aliandika jina lake, akajitaja kuwa mwanafunzi wa mchongaji Pasiteles. Kwa hiyo kisiki kisomwe pia.

Mwisho, kagua mistari ya maungio shingoni na mikononi, kwa kuwa mafundi wa Italia wa karne ya 17 na 18 waliziongezea sanamu nyingi pua, mikono na hata vichwa. Sehemu hizo usizitumie kuamua chochote.