Kuipeleka familia Mombasa siku 5 bila kurudi na madeni

Watu wengi wakisikia safari ya nje na familia akili inakimbilia Dubai, alafu wakipiga hesabu ya tiketi za ndege mara watu wanne wanafunga mjadala mpaka mwaka mwingine. Mimi nasema anza na jirani. Kwa anayekaa Dar au Tanga, Mombasa na Diani (ufukwe ulio kusini yake) ni nje ya nchi kabisa, pasipoti inagongwa, hela nyingine, bendera nyingine, watoto wanapata cha kusimulia shule, na kuongea hamhangaiki. Kinachoua safari fupi ya familia sio sana bei ya hoteli kama watu wanavyodhani, ni siku mnazozipoteza barabarani pamoja na vitu vinavyolipwa kwa kichwa. Hivyo viwili ndo vya kuvishika kwanza.

Hapa natumia mfano wa baba, mama na watoto wawili, mmoja miaka 9 mwingine 5, wanatoka Dar. Ukiwa na watoto watano badilisha hesabu mwenyewe.

Karatasi kwanza, miezi miwili kabla

Hii ndo sehemu inayokula hela kabla hata hamjapanda gari na wengi hawaiweki kwenye bajeti. Pasipoti ya Tanzania ni Tsh 150,000 kwa kichwa, kwaiyo kama hakuna mwenye nayo hapo tayari laki 6 imeondoka. Ukiigawanya kwa safari moja inauma, ila ya mtu mzima inadumu miaka 10, kwaiyo mimi naihesabu kama kitu cha nyumbani, sio cha safari hii. Kama hela haipo, uliza Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari, ni bei ndogo sana na inakuvusha kwenda nchi jirani, tatizo lake haikai muda mrefu. Mtoto naye lazima awe na yake, mambo ya kumwandika kwenye pasipoti ya mama yalishapitwa na wakati. Andaa vyeti vya kuzaliwa, NIDA zenu, na kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja tu, beba barua ya ridhaa ya yule aliyebaki, hata kama ni mume wako na mko vizuri kabisa. Afisa wa mpakani hawajui nyie.

Viza kwa Mtanzania hamna, na ule utaratibu wa kuomba kibali mtandaoni ambao Kenya waliuanzisha Januari 2024 raia wa Afrika Mashariki hauwahusu. Kwaiyo ukikuta tovuti inakudai dola kadhaa ya kibali cha kuingia Kenya, funga hiyo tovuti.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, usiichukulie poa. Kenya ipo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwaiyo wakati wa kurudi ndo mnaweza kuulizwa hapa kwetu. Cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, ukichoma leo na keshokutwa unasafiri, umefanya kazi bure. Ila ukishachoma mara moja kinatambulika maisha yako yote, tangu 2016 hakuna tena kurudia kila miaka 10. Watoto chini ya miezi 9 hawachomwi.

Nenda Juni

Wengi wanasafiri Desemba na ndo kosa kubwa la kibajeti, maana Desemba Wakenya wa bara wote wanashuka pwani, Nairobi inahamia Diani, bei ya chumba inapanda na bado unakikosa. Pasaka hivyo hivyo. Sasa angalia hii: shule zetu zinafunga Juni karibu mwezi mzima, wenzetu Juni wapo katikati ya muhula wao, likizo yao ndefu inaangukia Agosti na mwisho wa mwaka. Yaani watoto wako wapo huru wakati hoteli za kule zinatafuta watu. Ni msimu wa kusi, bahari inachafuka kidogo na mwani unajaa ufukweni, ila mtoto wa miaka 5 hajali mwani, na hata joto linakuwa limepungua. Juni unaweza kupiga simu hotelini ukaongea bei, Desemba hawapokei hata hiyo simu.

Njia

Dar mpaka Mombasa kwa basi moja kwa moja ni siku nzima na watu wanaweza, vijana. Na watoto usifanye hivyo. Katisha Tanga. Siku ya kwanza, tuseme Alhamisi, mnaondoka asubuhi stendi ya Magufuli pale Mbezi, mnafika Tanga mchana, mnalala hapo kwa bei ya kawaida ya nyumba za wageni za kwetu. Ijumaa asubuhi mkiweza pitieni mapango ya Amboni, yapo kilometa 8 hivi kutoka mjini na ni njia hiyo hiyo ya kwenda mpakani, alafu mpakani Horohoro. Mpaka wenyewe ni wa kituo kimoja, kutoka na kuingia mnamalizia sehemu moja badala ya kupanga foleni mara mbili. Siku ya kawaida hamkai sana.

Kwenye mizigo ondoa mifuko ya plastiki kabisa. Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019, na wao hawana utani na hilo. Nguo chafu za watoto weka kwenye mfuko wa kitambaa.

Mtoto wa miaka 5 mlipie siti yake. Ndio anaweza kupakatwa, ila masaa sita ya kupakata mtoto alafu ufike umechoka mpaka unalipa taksi ambayo ulikuwa huiitaji, hela uliyookoa imeenda wapi.

Ukiwa na gari lako hesabu zinabadilika na kwa watu wanne inaweza kuwa nafuu, ila kata bima ya gari ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA (sio ile ya chanjo, majina yamegongana tu), beba kadi halisi ya gari, na kama gari sio jina lako beba barua ya mwenye gari. Pale mpakani mtapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Nje ya Diani, ukitaka kwenda upande wa Miritini siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, hupiti kivuko cha Likoni.

Ndege sizungumzii sana. Kwenye tiketi ya safari fupi kodi na tozo za viwanja zinabeba sehemu kubwa ya bei, na mnalipa vichwa vinne. Nairobi nayo iache safari nyingine. Najua watoto wanataka treni, lakini Mombasa Nairobi kwa SGR ni masaa matano na zaidi kwenda tu, kwenye siku 5 umekula siku mbili, na treni ya umeme Dar Dodoma ipo hapa hapa tangu 2024.

Wapi mkae

Kaeni sehemu moja tu. Kuhama hama hoteli na watoto ni hela na ni kelele. Mimi nachagua Diani kwa sababu ipo upande wa kusini, kwaiyo mnatoka Lunga Lunga (upande wa Kenya wa mpaka ule ule) mnashuka Ukunda, mji wa Diani, kabla hata hamjafika Mombasa, usiku tatu hapo, Ijumaa Jumamosi Jumapili.

Kuna njia mbili. Apatimenti yenye jiko, au hoteli yenye kila kitu ndani. Kwa familia inayokula wali kila siku apatimenti inashinda bila mjadala, asubuhi chai na mahamri ya kununua, mchana mnakula nje, usiku mama au baba anapika kitu chepesi, samaki mnanunua kwa wavuvi. Hoteli yenye kila kitu inalipa tu kama watoto ni walaji na mna mpango wa kutotoka getini kabisa. Ukiamua hoteli uliza mambo matatu kwenye simu kabla hujatuma hata shilingi: kama bei ya wakazi inamhusu raia wa Afrika Mashariki (hoteli nyingi zinayo ila hawakwambii usipouliza), mtoto anayelala na wazazi anakuwa bure mpaka umri gani, na kama bei waliyotaja kodi imo ndani. VAT ya Kenya ni asilimia 16, hiyo ikija kuongezwa mwisho inakuharibia siku.

Hela sasa

Gawa hela mafungu manne kabla hujatoka. La kwanza karatasi, hilo limeshaisha. La pili usafiri wa kwenda na kurudi, wote, mpaka bodaboda ya kutoka stendi kwenda nyumbani. La tatu malazi. La nne matumizi ya kila siku, na hapa ndo watu wanabahatisha. Usichukue namba mtandaoni. Kumbuka mara ya mwisho mmetoka familia nzima siku nzima, Kigamboni au Bagamoyo, mlitumia ngapi kweli kweli, pamoja na maji, ice cream na yale mapulizo ya kuogelea mtoto aliyolilia? Chukua hiyo, ongeza nusu yake, zidisha mara siku. Hiyo namba inawajua nyie kuliko namba ya mtu yeyote. Alafu pembeni weka hela ambayo haipo kwenye fungu lolote, ya homa ya usiku, maana kadi ya bima ya huku usiitegemee hospitali ya kule.

Shilingi ya Kenya inacheza karibu na 20 za kwetu. Na hapa kuna mtego, kwa sababu sisi tumezoea masifuri, ukiambiwa mia tano mkono unaenda mfukoni wenyewe, kumbe umetoa elfu 10. Tuktuk mia mbili, madafu mia, picha na ngamia mia tano, mpaka jioni laki imeyeyuka na hakuna mtu anakumbuka kilichonunuliwa. Dawa yake ni kila asubuhi kutoa hela ya siku hiyo kwa shilingi za Kenya, ikiisha imeisha, mnarudi ndani mnakula ugali. Watoto wa miaka 9 wanaelewa vizuri sana, mkabidhi hata yeye ashike hesabu uone atakavyokuwa bahili.

Mpakani badilisha kidogo tu ya kufika Diani, wale jamaa wa noti mkononi wana kasi ya kuhesabu ambayo macho yako hayaiwezi, na ukipewa noti ya elfu ya zamani, zile zenye sura ya Kenyatta, kataa, ziliondolewa kwenye matumizi mwaka 2019. Nyingine badilisha dukani Ukunda au toa ATM. Alafu sajili laini ya Safaricom kwa pasipoti, Kenya bila M-Pesa unakuwa mgeni mara mbili, hadi muuza viazi karai ana namba ya till ya kupokea malipo. Ukiwa na M-Pesa ya Vodacom unaweza kutuma kwenda laini ya Kenya, angalia tu makato kabla.

Siku zenyewe

Usijaze ratiba. Kitu kimoja kikubwa kwa siku, kilichobaki bahari, na bahari ni bure. Angalia maji yanajaa na kupwa saa ngapi, yakipwa Diani mnatembea mbali mpaka kwenye miamba mnaangalia nyota bahari na kaa, ni burudani ya asubuhi nzima, vaeni tu kandambili ngumu kwa ajili ya vitu vinavyochoma miguu.

Jumamosi pelekeni watoto Mombasa mjini kwa siku moja. Matatu (daladala za Kenya) kutoka Ukunda mpaka Likoni, alafu kivuko, ambacho kwa mtembea kwa miguu ni bure, na kwa mtoto ile meli iliyojaa watu ndo kumbukumbu namba moja ya safari, usishangae. Ngʼambo tuktuk mpaka Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593. Kwenye kiingilio kuna bei ya Mkenya, ya Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali, kwaiyo pasipoti mkononi. Mkitoka hapo Mji wa Kale upo mlangoni, kuleni bhajia, viazi karai na juisi ya ukwaju. Kama nguvu zipo nendeni Haller Park kule Bamburi, watoto wanalisha twiga, na wasimulie ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya 2004 akaletwa hapo, akamfanya kobe mkongwe anayeitwa Mzee kuwa mzazi wake. Matatu bei zinapanda mvua ikinyesha na jioni watu wakitoka kazini, kwaiyo rudini mapema.

Kitu cha gharama chagueni kimoja tu kwa safari nzima. Boti ya kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite kutoka Shimoni, au hifadhi ya Shimba Hills, au ngamia na pikipiki za mchangani kila siku. Vyote vitatu hapana. Pigeni kura, baba asitumie veto.

Kurudi

Jumatatu ondokeni mapema Ukunda, na nauli ya kutoka Horohoro mpaka Dar iwe imetengwa kwa shilingi za Tanzania tangu siku mliyotoka, bahasha yake imefungwa, ikiwezekana na hela ya kulala Tanga kama watoto wamegoma. Halua na achari nunueni Mombasa Jumamosi, sio stendi siku ya mwisho. Sarafu za Kenya zimalizieni Lunga Lunga kwa maji na biskuti za njiani, maana ukishavuka hakuna anayezibadilisha, noti ndo zinabadilishwa.