Kununua sarafu za zamani mtandaoni bila kupigwa: hatua nilizompitisha mwalimu wa Tabora

Mwalimu mmoja wa historia alikuja kwenye meza yangu ya kutengenezea saa, na simu mkononi. Ilikuwa na picha ya sarafu ya shaba, hela 20, mwaka 1916, na chini yake herufi T. Muuzaji alikuwa anataka atumiwe hela yote kwa simu kabla ya saa nne usiku, "kuna mteja mwingine." Nikamwambia, mwalimu, kaa kwanza. Nakusanya sarafu kwa miaka mingi, na tuliyofanya siku zilizofuata ndiyo haya.

Hatua ya kwanza: ijue sarafu kabla ya kumjua muuzaji. T hiyo ni Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli za Ujerumani kufika pwani, sarafu ziliadimika, na mwaka 1916 zikagongwa hapahapa kwenye karakana ya reli: hela 5, hela 20, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, kazi ikaishia hapo. Neno letu "hela" lenyewe limetoka kwenye Heller ya Mjerumani.

Haya yanakulinda mfukoni. Hela 20 za Tabora ziligongwa kwa mashine za karakana, kwa hiyo kuna za shaba nyekundu na za shaba ya njano, uzito unapishana, taji kuna kubwa na dogo, na ncha za herufi L mbili za neno HELLER hazifanani kwenye kila sarafu. Usiikatae kwa sababu haikukaa vizuri. Inayong'aa, yenye kingo kali kama imetoka kiwandani jana, ndiyo ya kuitilia shaka.

Tembo wa dhahabu ana kipimo kingine. Ana gramu 7.17, na robo tatu yake ni dhahabu safi, yaani karibu gramu 5.4. Nenda kwa sonara, uliza bei ya gramu siku hiyo, zidisha. Ukiuziwa chini ya hapo, funga mazungumzo. Hakuna anayeuza dhahabu chini ya bei ya dhahabu, na tembo hawa waligongwa elfu kumi na sita na kidogo tu, kwa hiyo bei yake halali iko juu zaidi ya dhahabu iliyomo.

Hatua ya pili: achana kabisa na rupia za maajabu. Ukiambiwa inavuta mchele, au kuna tajiri anaitafuta kwa mabilioni, au ni ya East India Company (kampuni ya zamani ya biashara ya Waingereza) ya 1616 au 1818 yenye picha za miungu, huyo hauzi sarafu. Vidude hivyo ni vya mahekaluni India au vya kutengenezwa juzi. Watu wameuza ng'ombe kwa ajili yake, nami naumia kila nikisikia.

Hatua ya tatu: picha. Omba pande zote mbili na ukingo, sarafu ikiwa juu ya mzani unaowaka, pembeni karatasi yenye tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono. Kisha tafuta picha yake ya tangazo kwa Google Lens. Ya yule wa mwalimu tuliikuta kwenye mnada wa zamani wa Ulaya, mkwaruzo uleule karibu na taji. Mwalimu hakutuma hela.

Sarafu ikiwa ndani ya kasha la NGC au PCGS, kampuni zinazokagua na kuthibitisha sarafu, ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni husika, ulinganishe na picha ya huko ikiwepo. Makasha feki yapo, tena yanabeba namba za kweli, hivyo namba peke yake haitoshi.

Hatua ya nne: malipo. Kwa muuzaji wa hapa nchini, nakataa kutuma kwa simu kwanza. Mkutane mchana, dukani kwa sonara. Kwa muuzaji wa nje, tumia mnada wenye ulinzi wa mnunuzi. PayPal inalinda malipo ya bidhaa nyingi, ingawa si zote. Ukikubali kutuma "kama rafiki" ili muuzaji akwepe makato, ulinzi huna. Uliza pia gharama za usafirishaji na kodi kabla ya kubofya.

Mwalimu mwishowe alipata hela 20 kwa muuzaji mwingine, pamoja na rupia ya fedha ya 1905 yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani wa wakati huo.

Hatua ya tano: kupima kwenye maji. Hii ni ya fedha na dhahabu; kwa hela za shaba haisaidii, maana hata halali ni shaba. Kwanza rekodi video ukifungua kifurushi, bila kukata. Halafu pima siku hiyohiyo, kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Unahitaji mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01. Wa jikoni hautafaa. Pima sarafu ikiwa kavu: rupia moja ni gramu 11.66, iliyosugulika hupungua kidogo. Weka kikombe chepesi cha maji juu ya mzani, bonyeza irudi sifuri. Ninginiza sarafu kwa uzi, izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Rupia ya fedha inatoa kama 10.3, kwa sababu maji yanasoma karibu 1.13. Shaba au nikeli iliyopakwa fedha itakupa kati ya 8.4 na 9. Tembo wa dhahabu anatakiwa kati ya 15 na 16.

Inaonekana rahisi. Rupia yangu ya kwanza ilinila usiku mzima: 9.6, napima tena, 9.6, na nilishaandika barua ya kuirudisha. Sarafu ilikuwa halali. Mapovu madogo yalijificha kwenye herufi na sura ya Kaiser, yakasukuma maji ya ziada. Kwa hiyo chemsha maji, yaache yapoe, tia tone moja la sabuni ya vyombo, zamisha sarafu kwa ubavu, na uitikise taratibu. Uzi wa pamba unanyonya maji. Tumia mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, mimi nililetewa na shemeji kutoka Kigoma. Zima feni, funga dirisha. Hakikisha kikombe na maji havizidi uwezo wa mzani, maana mingi inaishia gramu 200. Pima mara tano. Zikipishana zaidi ya 0.02, kuna povu au mkono unatetemeka, basi funga mshipi kwenye kijiti kilicholazwa juu ya vitabu viwili.

Na jibu zuri si hukumu ya mwisho. Madini ya risasi yaliyochanganywa yanaweza kutoa namba inayokaribia ya fedha, ndiyo maana naangalia pia ukingo kwa lenzi ya fundi saa: mstari wa kuungia au vitundu vidogo ni dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu.

Ya mwalimu ilisoma 10.28.

Hatua ya sita: usiisafishe. Si ndimu, si majivu, si dawa ya meno. Weusi ule wa miaka ni sehemu ya thamani yake. Iweke kwenye bahasha kavu ya karatasi, ishike kwa ukingo, na wanafunzi wakiizungusha darasani iwe juu ya kitambaa.