Makazi na Lishe ya Boa wa Mchanga: Joto Kwanza, Panya Baadaye

Anayeanza kufuga nyoka kwa kawaida huwaza kwanza chakula: atampa nini, mara ngapi kwa mwezi, na hao panya atawatoa wapi. Wasiwasi huo unaeleweka, kwani ng'ombe, mbuzi na kuku wametuzoesha kuamini kwamba mnyama asiyekula ama amekosa lishe inayomfaa ama ni mgonjwa. Kwa nyoka chanzo mara nyingi kiko kwingine. Nyoka aliyegoma kula kwa wiki kadhaa, au anayetapika kila anapolishwa, mara nyingi hana kasoro yoyote isipokuwa kwamba banda lake ni la baridi. Kwa sababu hiyo makala haya yanaanza na banda, na mfano wake ni boa wa mchanga, nyoka asiye na sumu ambaye ni wa nchi zetu wenyewe.

Boa wa mchanga, ambaye wataalamu humwita Eryx colubrinus, ni nyoka mfupi, mnene, mwenye mkia butu na mabaka ya kahawia iliyokolea juu ya rangi ya manjano au ya machungwa. Makao yake ya asili ni nchi kavu kuanzia Misri na Sudan hadi Ethiopia, Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Jike hufikia sentimita 60 hadi 80, na dume ni mdogo zaidi, mara nyingi chini ya sentimita 45. Udogo huo, pamoja na upole wake, umemfanya apendwe na wafugaji wa Marekani na Ulaya, ambako huzalishwa kizazi baada ya kizazi na kuuzwa kwa jina la Kenya, ilhali Wakenya wengi hawajawahi kumwona, kwa kuwa muda mwingi amejifukia ardhini.

Kabla ya kununua ubao au kioo, mfugaji ashughulikie kwanza kibali. Nchini Kenya nyoka ni wanyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kumfuga au kumuuza bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa hata kama nyoka huyo ameingia jikoni kwa hiari yake. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Aidha, boa na chatu wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka bila hati zake ni magendo. Jambo jingine la kutiliwa mkazo ni utambuzi: wapo watu wengi wanaomchanganya mtoto wa chatu na moma, na kosa la namna hiyo linaweza kugharimu mkono au uhai. Nyoka wa kufugwa atoke kwa mfugaji mwenye leseni, akiwa amezaliwa bandani. Aliyeko porini aachwe huko.

Joto la banda

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama afanyavyo ng'ombe au binadamu. Hulichukua kutoka ardhini, juani au kwenye jiwe, na mmeng'enyo wa chakula chake hutegemea joto hilo moja kwa moja. Akimeza panya mzima kisha mwili wake ukapoa, juisi za tumbo hufanya kazi polepole mno, panya huanza kuoza kabla hajayeyushwa, na nyoka hana budi kumtapika ili asidhurike. Mfugaji akiona hivyo husema chakula kilikuwa kibaya, akabadilisha panya, na wiki inayofuata yanatokea yale yale.

Banda la boa wa mchanga linahitaji pande mbili zenye joto tofauti, ili mnyama achague mwenyewe. Upande wa moto uwe kati ya nyuzi 32 na 34 za Selsiasi, na ule wa baridi kati ya 25 na 27. Usiku joto linaweza kushuka kidogo, lakini si vizuri lipungue sana chini ya nyuzi 22. Mfugaji wa Voi au Garissa hatatumia umeme mwingi, na kwa miezi kadhaa kazi yake itakuwa kuzuia banda lisipate moto kupita kiasi. Wa Nairobi yuko katika hali nyingine kabisa, kwa kuwa usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi karibu nyuzi 10, na Limuru au Nyahururu baridi ni kali zaidi. Huko banda lisilopashwa joto halifai hata kidogo.

Kifaa kinachofaa ni mkeka wa umeme wa kupasha joto, uliowekwa chini ya banda upande mmoja na kufunika takriban theluthi moja ya sakafu. Mkeka huo usitumiwe kamwe bila kidhibiti joto, ambacho mafundi hukiita thamostati. Boa wa mchanga kwa asili hujichimbia chini ili kukimbia jua, na hapa tumeuweka moto chini yake: akihisi joto huchimba zaidi, akalala juu ya kioo kilichochemka na kuungua tumbo bila kushtuka. Kwa hiyo mchanga ulio juu ya mkeka uwe mwembamba kuliko wa upande wa baridi, na kihisio cha thamostati kiwekwe pale pale kati ya mkeka na sakafu. Kipimajoto nacho kizikwe mahali nyoka anapolala. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kifuniko kinaeleza hali ya hewa ya kifuniko tu, na wapo wafugaji wanaokisoma kila siku kwa uaminifu huku nyoka anateseka chini. Anayetumia balbu aiweke nje ya banda au aizungushie wavu wa waya, kwani nyoka atajizungusha kwenye balbu ya moto bila kujua kuwa anaungua.

Joto la kupita kiasi huua haraka kuliko baridi. Tenki la kioo lililoachwa dirishani penye jua, au banda lililo chini ya mabati bila dari, linaweza kuvuka nyuzi 40 kabla ya adhuhuri, na nyoka asiye na pa kukimbilia hufa siku hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, chupa za maji moto zilizofungwa taulo na kuwekwa kando ya banda, pamoja na blanketi juu yake bila kuziba matundu ya hewa, hutosha kwa saa kadhaa. Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba hicho, kwa sababu ya moshi na ile hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo ni hatari kwa nyoka na kwa mfugaji pia. Panapojulikana kuwa umeme utakatwa kwa siku moja au mbili, ulishaji uahirishwe. Nyoka mwenye njaa atavumilia baridi vizuri zaidi kuliko nyoka aliyeshiba.

Sanduku, sakafu na maji

Jike mzima anatosheka na banda la sentimita 60 kwa 45, lenye kimo cha sentimita 30, na dume anaweza kupewa dogo zaidi. Kioo, plastiki ngumu au plaiwudi iliyopakwa vanishi na kukauka kabisa kwa wiki kadhaa vyote vinafaa, mradi kuwe na matundu ya hewa na kifuniko kinachofungwa kwa komeo. Jiwe lililowekwa juu ya kifuniko si kufuli: nyoka husukuma kila pembe usiku kucha, na mwanya unaopitisha kichwa chake utampitisha mwili mzima.

Kwa sakafu, wengi hukimbilia maranda kwa sababu kiwanda cha mbao kiko karibu na maranda hutolewa bure. Tatizo ni kwamba maranda hayo huwa mchanganyiko, na yale ya mwerezi na msonobari yana mafuta yanayodhuru mapafu ya nyoka. Asiyejua maranda yametoka katika mti gani atumie karatasi za magazeti, ambazo hazipendezi macho lakini hazina madhara, au mchanga wa mto uliochekechwa, ukaoshwa hadi maji yake yawe meupe, na kukaushwa juani. Kina cha sentimita 5 hadi 8 upande wa baridi kinamtosha kujifukia. Mchanga wa pwani wenye chumvi na vumbi laini la ujenzi havifai.

Boa wa mchanga ni wa nchi kavu, na mchanga wenye unyevu humtoa malengelenge tumboni. Hata hivyo maji safi hayakosekani: bakuli dogo, zito, lisilopinduka, liwekwe upande wa baridi na kubadilishwa kila siku mbili au tatu. Kigae cha chungu kilichopasuka kinamfaa sana kwa kujificha, na kiwepo kimoja kila upande ili asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. Kila nyoka akae peke yake isipokuwa wakati wa kupandishwa, kwa maana nyoka wawili wakishika panya mmoja kutoka ncha mbili, mkubwa anaweza kuendelea kumeza hadi kumfikia mwenzake.

Panya

Nyoka hula mawindo mazima, na katika huo uzima ndimo zilimo mifupa yenye kalsiamu, ini lenye vitamini, na manyoya. Vipande vya nyama ya buchani havina uwiano huo na humdhoofisha mifupa. Maziwa, ambayo hadithi nyingi za vijijini humnywesha nyoka, hayana nafasi yoyote katika lishe yake.

Panya wa kulisha wawe wa kufugwa. Panya aliyenaswa ghalani anaweza kuwa amekula sumu siku chache kabla, na baadhi ya sumu hizo hubaki ndani ya ini lake na kumfikia nyoka, mbali na minyoo na viroboto anavyokuja navyo. Kuwafuga ni kazi ndogo kuliko ya sungura. Dume mmoja na majike watatu, katika beseni refu la plastiki lililofunikwa wavu, hulishwa chakula cha vifaranga na nafaka kidogo pamoja na maji ya chupa. Mimba huchukua siku 19 hadi 21, na watoto huachishwa ziwa wakiwa na wiki tatu. Jike mzima wa boa anayekula panya mmoja kila wiki mbili anahitaji 26 kwa mwaka, idadi ambayo panya jike mmoja mwenye afya huweza kuizaa na kuizidi.

Ukubwa wa panya upimwe kwa macho: asizidi unene wa sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Watoto wa boa hupewa vitoto vya panya visivyoota manyoya kila baada ya siku 5 hadi 7, na wazima hulishwa kila siku 10 hadi 14. Dume mdogo hula kidogo zaidi, na pengine maisha yake yote hatavuka panya mwenye wiki chache. Kulisha zaidi ya hapo humnenepesha nyoka bila kumkuza.

Panya auawe kwanza, haraka na bila kuteswa. Panya hai aliyeachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna yeye, wakati mwingine hadi mfupa. Waliohifadhiwa kwenye friza wayeyushwe ndani ya friji usiku kucha, kisha watiwe katika mfuko na kuzamishwa ndani ya maji ya moto hadi wapate joto la mwili, kwa kuwa nyoka hutafuta harufu na joto. Ulishaji ufanyike jioni, kwa koleo ndefu. Macho mawili madogo ndiyo yanayoonekana juu ya mchanga, kisha ghafla mchanga unapasuka, panya amebanwa katika mizingo miwili au mitatu, na boa anamkandamiza ukutani huku akitafuta kichwa ili aanze kumeza kutoka huko. Panya awekwe juu ya kigae au sinia ili asimezwe pamoja na mchanga mwingi. Baada ya hapo nyoka asishikwe kwa saa 48, na mikono inayonuka panya isiingizwe bandani kwa sababu yoyote.

Nyoka akikataa, mfugaji asome kipimajoto kabla ya kufikiria jambo jingine. Halafu atazame macho: yakiwa na utando wa samawati, nyoka anakaribia kujivua gamba na atakula baadaye. Dume katika msimu wa kupandana na jike mwenye mimba nao hukaa wiki nyingi bila kula. Mzani wa jikoni huamua. Uzito ukipungua kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi, au akitoa mapovu mdomoni na kupumua kwa mlio, aitwe daktari wa mifugo. Aliyetapika apumzishwe siku 10 hadi 14, joto lirekebishwe, kisha apewe panya mdogo wa nusu ya ukubwa wa kawaida.

Vinukta vyeusi vinavyotembea kwenye magamba au kuelea katika bakuli la maji ni utitiri. Sakafu yote itupwe, banda lioshwe, na dawa itolewe na daktari, kwani dawa nyingi za kunyunyizia ng'ombe ni kali mno kwa nyoka. Kwa upande wa binadamu, nyoka hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, kwa hiyo kunawa kwa sabuni ni lazima kila baada ya kumgusa, vyombo vyake visioshwe jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.

Boa wa mchanga hatagi mayai. Jike hubeba mimba kwa miezi kadhaa na kuzaa watoto walio hai, na kila mtoto huhamishiwa siku hiyo hiyo katika kisanduku chake chenye karatasi na kifuniko kidogo cha kuwekea maji. Hawapewi chakula hadi wajivue gamba la kwanza, takriban wiki moja au zaidi baada ya kuzaliwa. Idadi yao iandikwe katika daftari la mfugaji pamoja na tarehe ya kuzaliwa na jina la mama, kwa kuwa ni kwa daftari hilo ambapo mkaguzi ataweza kuwatofautisha nyoka waliozaliwa bandani na waliookotwa porini.